Siku Eveline Alipokataa Kufagia Fomu za Watu

Saa nane mchana, mtaa wa Soweto jijini Mbeya. Eveline Kalinga amekaa mbele ya kompyuta, mkono mmoja shavuni. Leo ni siku ya mwisho ya kupokea maombi ya chuo kimoja cha uuguzi mkoani Iringa, na hifadhidata ya tovuti ya maombi anayoitunza imejaa pomoni. Ikigota, hakuna mwombaji atakayetuma chochote.

Bosi wake, Rabson, ameshamwambia afute kumbukumbu za wote walioingia kwenye tovuti kisha wakanyamaza zaidi ya nusu saa. Ndiyo kawaida ya kazi. Amri yenyewe ni ya mstari mmoja, na Eveline ameshaiandika. Hajabonyeza.

Kumbukumbu hizo mafundi huziita sesheni, neno linalotisha bure. Eveline hulieleza kwa mfano wa mgeni anayefika nyumbani.

"Tovuti ni mwenyeji msahaulifu," anasema. "Unapiga hodi, unakaribishwa, ukifika chumba cha pili anakuuliza tena wewe nani. Mimi namwandikia pembeni: huyu ameshapiga hodi, ameishia hapa, amejaza hiki."

Kilichomzuia ni kitu kidogo. Wengi wa walionyamaza walinyamaza kwa mkupuo, na watu hawachoki pamoja namna hiyo. Akampigia Lugano, mwenye duka la steshenari lenye kompyuta za kukodi huko Chunya, ambaye humpigia kila mara kulalamika kuhusu tovuti. Safari hii Lugano hakuwa na lawama. Alisema umeme umekatika na vijana wamejaa barazani kwake, fomu zao zikiwa nusu.

Baraza ya namna hiyo Eveline anaijua. Akiwa binti wa Ilula, Iringa, naye alijaza fomu kwenye kibanda cha intaneti, umeme ukakatika. Uliporudi, fomu haikuwepo na muda ulikuwa umekwisha. Mwaka mzima akachuma nyanya shambani kwa mama yake.

"Iliniuma sana," anasema. "Sikufeli mtihani. Nilikatikiwa umeme tu."

Basi akaiandika amri upya. Akafuta waliochungulia bila kujaza kitu, pamoja na programu zinazozurura mitandaoni bila kazi. Walioanza kujaza akawaacha. Rabson alinung'unika kwamba nafasi haitatosha. Ilitosha, ingawa kwa taabu.

Umeme ulirudi jioni. Kule Chunya, Minza Nkuba, binti wa mkulima wa tumbaku, akarudi kwenye kiti akiwa ameshakata tamaa.

"Nilijua naanza upya, na muda ndio unaisha," anasimulia. "Nikakuta jina langu lipo, na la baba lipo, na matokeo yangu. Nikalia. Kaka Lugano akadhani nimekosa."

Alituma kabla dirisha la maombi halijafungwa. Mbeya, Eveline hakuliona jina lake. Aliona tu mistari iliyokuwa kimya ikiamka mmoja baada ya mwingine. Rabson akacheka kwa sauti, ofisi nzima ikasikia.

Sasa anatengeneza njia ya mwombaji kuendelea hata kwenye simu ya mzazi, kwa namba yake ya siri, maana fomu iliyoachwa wazi kwenye kompyuta ya dukani yeyote anaweza kuichezea. Rabson amekubali, ingawa itamlazimu kuongeza seva.

"Mimi nilirudi nikakuta pamefungwa," anasema Eveline. "Huyu akirudi, akute tunamsubiri."