Kiti Hiki Kina Mtu

Mlango wa kushoto wa gari langu ulikuwa umechomelewa, juu mpaka chini, na kishikio chake kilikuwa kimeng'olewa. Hata hivyo mtu aliufungua mchana kweupe, akaingia, akaubamiza nyuma yake. Niliusikia kwa masikio yangu haya. Sikuwa nimelewa, maana sinywi. Sikuwa na homa. Na ukiniambia kwamba niliota, nami nitakuuliza: ni nani huota akiwa amelala chali chini ya injini, mafuta yakimdondokea shingoni?

Acha nianze mahali pake.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa mkaguzi wa magari yaliyopata ajali. Kampuni ya bima ilinituma kote Kitui na upande wa Makueni, na kazi yangu ilikuwa kutazama gari lililobondeka na kujiuliza: huyu mwenyewe anasema kweli? Ukiifanya kazi hiyo kwa muda mrefu, hata salamu unaishuku. Nakueleza hivi ujue kwamba mimi si mwepesi wa kuamini.

Starehe yangu ilikuwa moja. Wenzangu walinunua ng'ombe, mimi nikanunua gari la mbio, dogo, jekundu, la milango miwili na viti viwili, fupi kiasi kwamba mbuzi angeweza kuchungulia juu ya paa lake. Watu wa Mbumbuni waliliita Kupe. Nililinunua likiwa hoi kwa mkulima aliyekuwa akihama, kisha nikalifufua pole pole kwa mikono ya Kioko, fundi wa hapo Mbumbuni. Tulilishusha springi, tukalifungia kabureta mbili badala ya moja, tukalipa magurudumu mapana, tukalitandikia bamba la chuma tumboni ili mawe yasipasue injini. Bodi yake ilikuwa imelegea kwa kutu, kwa hiyo tukauchomelea mlango wa kushoto ili ikaze. Wenye magari ya mbio walifanya hivyo wakati huo. Abiria angeingia kwa dirisha, miguu mbele.

Abiria mwenyewe alikuwa Kyalo, ndugu mdogo wa mke wangu. Kulikuwa na mashindano ya kupanda milima ya Mbooni, na sheria ilitaka watu wawili ndani ya kila gari: mmoja aendeshe, mwingine asome njia. Kyalo alikuwa ameshalitangazia soko zima.

"Shemeji," alinitania siku aliyojaribu kuingia kwa dirisha akakwama kiunoni, "dada yangu umepewa na mbuzi juu, na mimi mlango tu unaninyima?"

Kitu kimoja kilibaki, kiti chake. Kiti cha zamani kilikuwa kimeliwa na panya. Kioko alikuwa na gari lingine la mbio nyuma ya karakana, lililopinduka kwenye mteremko wa mto mkavu, kabla hujafika Ikutha. Alikuwa amelinunua kama vyuma chakavu kwa mwenye duka mmoja wa barabara ya Mombasa. Ndani yake kulikuwa na kiti kizuri cheusi, kile cha kumkumbatia mtu mbavuni. Kioko alikigusa, kisha akaondoa mkono.

"Hili gari halikunyunyiziwa," akasema.

Ukambani wote wanaijua desturi hiyo. Chombo kilichomwaga damu ya mtu hakiguswi mpaka kinyunyiziwe ng'ondu, yale maji ya mitishamba ya kutakasa. Hata sisi wa kanisani tunaijua, ingawa tunajifanya hatuijui.

"Na kwa nini hawakunyunyizia?" nikauliza.

"Mwenyewe alisema alikuwa peke yake, na yeye ni mzima. Hakuna aliyekufa, sasa utatakasa nini?"

Jibu lilinitosha. Hakuna maiti, hakuna unajisi. Lakini macho yangu ya kazi yaliona jambo. Mkanda wa kiti kile, ule wa kumfunga abiria, ulikuwa umekatwa kwa kisu. Haukuwa umeraruka, ulikatwa, na kifungio chake cha chuma kilikuwa bado kimefungwa. Nani hukata mkanda wa kiti kisicho na mtu? Niliuliza moyoni, nikaliweka swali kando. Kioko akakihamisha kiti, akazifunga fundo ncha zile mbili za mkanda nyuma yake, hadi tupate mpya.

Siku chache baadaye nililijaribu gari kwenye barabara ileile ya Ikutha, kwa sababu ina mashimo na mchanga kama ile ya mashindano. Nilikuwa peke yangu. Yapata saa tisa mchana nilivuka ule mto mkavu nikasikia bamba likigonga chini. Nikasimama, nikazima injini, nikajilaza chini ya gari.

Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Nakwambia nilisikia bawaba zikilia. Gari likainama upande wa kushoto, springi zikashuka karibu na pua yangu, na mlango ukafungwa: paa!

Unadhani nilifikiria mzimu? La. Nilifikiria mwizi. Nikatoka mbio na spana mkononi.

Kijana alikuwa ameketi kwenye kiti cha Kyalo, ametazama mbele kama mtu anayesubiri safari. Shati lake lilikuwa jeupe, vifungo vyeupe, isipokuwa kimoja cha kifuani kilichokuwa cha kijani. Niliona kimeshonwa kwa uzi mweusi, mishono mingi, kama mtu asiyetaka kitoke tena.

"Wewe! Umeingiaje?"

"Kwa mlango."

"Mlango upi?"

Akaelekeza kidevu kushoto kwake. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba sikukumbuka ule mlango hauna njia ya kufunguka.

"Shuka. Shuka kabla sijakutoa mimi."

"Kiti hiki kina mtu, mkubwa," akasema, kwa adabu, vile vile unavyoambiwa kanisani unapotaka kukaa karibu na mtu. "Usimweke mwingine."

"Nani amekutuma? Kioko?"

"Muulize aliyeendesha kama alikuwa peke yake."

Nikazunguka upande wa pili nimvute. Nikanyoosha mkono, ukapapasa bati tupu. Hakuna kishikio. Mshono wa kuchomelea uko palepale, rangi juu yake haina hata ufa. Nikainamisha kichwa dirishani. Hakuna mtu. Na gari, nikiwa nimelishika hivi, likainuka taratibu, kama linavyofanya abiria anaposhuka.

Nikagusa kiti. Tangu asubuhi jua lilikuwa limekichoma kile kiti cheusi mpaka hakishikiki. Sasa kilikuwa baridi kama jiwe la kisimani. Ncha za mkanda hazikuwa tena nyuma. Zilikuwa zimelazwa juu ya kiti, moja juu ya nyingine, kama mikono ya mtu aliyekaa akingoja.

Nilirudi Mbumbuni na mashaka yangu yote yakamwelekea Kioko. Pengine kuna tajiri aliyekitaka kiti kile. Pengine alinichomelea mlango wa ujanja, wenye njia ya siri. Nikamwambia aukate mshono mbele yangu. Akaukata, na ndani ya mlango mlikuwa na kutu na kiota cha nyigu, basi. Kitasa kilikuwa tumekitoa sisi wenyewe. Nilipomsimulia, alivua kofia.

"Aiya! Mzee, mimi nilikwambia habari ya kunyunyizia. Unakumbuka?"

Kyalo alicheka mpaka akakohoa. "Shemeji, sema unaogopa ile milima. Usimsingizie marehemu wa watu." Lakini mke wangu Mwende hakucheka. Aliniita pembeni akasema maneno machache: "Huyo ni mtoto wa mama yangu. Kabla hajakaa hapo, hakikisha."

Hilo ndilo lililonifunga. Mashindano yalikuwa Jumamosi ile. Ama nijue kiti kile ni cha nani, ama nimweke Kyalo juu yake huku nikijua niliyoyaona.

Kwanza niliuliza kazini. Gari lile la mwenye duka lilikuwa na bima kubwa kabisa, na mwenyewe hakudai chochote. Wewe fikiri. Miaka yangu yote niliwaona watu wakidai wasichostahili. Huyu peke yake aliacha alichostahili. Anayedai huhojiwa. Ni nani anayekimbia kuhojiwa?

Nikakitoa kiti, nikakiacha kwa Kioko, nikaenda kumwona yule mwenye duka. Jina lake na la mji wake nayaacha. Nilifika asubuhi, nikaliegesha Kupe mbele ya baraza la duka. Ndani ya gari kulikuwa na kiti changu tu; upande wa kushoto ulikuwa sakafu ya bati.

Alinipokea vizuri, mtu mnene, mcheshi, wa kuuza misumari na mabati. Nikamwambia nimenunua vipuri vya gari lake. Akafurahi.

"Lilikuwa gari hilo! Mungu aliniokoa, bwana."

"Ulikuwa na nani?"

"Peke yangu. Na nilitoka bila hata mkwaruzo."

"Mkanda wa abiria ulikatwa."

"Labda wezi. Unajua watu wa barabarani." Alisema bila kupepesa jicho, na kama si lililofuata, ningeandika kwamba anasema kweli. Alimimina chai vikombe viwili, akatazama nje kupitia mlangoni, akachukua kikombe cha tatu. "Na huyo kijana wako mbona unamwacha juani? Mwite anywe chai."

Nikageuka. Gari lilikuwa tupu. Nikamtazama yeye, yeye akanitazama, akaona usoni mwangu kwamba sikuja na mtu. Akaenda hadi ukingo wa baraza, akaweka mkono juu ya macho kukinga jua. Aliporudi, sauti yake ilikuwa imekwisha.

"Umemtoa wapi?"

"Nani?"

"Nimekuuliza umemtoa wapi!"

Kisha akanisukuma nje kwa kifua, akafunga duka asubuhi ile ile, wateja wakiwa wamesimama na mabati mabegani.

Nilikwenda polisi. Afisa aliyekuwa zamuni alinisikiliza, akauliza maiti iko wapi, marehemu anaitwa nani, na nani amelalamika kwamba mtu wake amepotea. Akaniambia nirudi nikiyapata majibu hayo. Nilipopita pale dukani tena, lilikuwa limeuzwa, na aliyelinunua hakujua aliyemuuzia alihamia wapi.

Jumamosi ilifika na Kupe halikupanda Mbooni. Kyalo alisimama kando ya barabara akitazama magari ya wengine yakipita, na watu wakimuuliza la kwake liko wapi. Miaka mingi imepita, naye bado hunisalimu kama mtu wa mbali. Sina la kumlaumu. Yeye hakusikia ule mlango.

Kioko alimwita mama mmoja wa huko kwao akinyunyizie kiti. Mimi nilisimama mbali, kwa sababu ya kanisa. Mama yule aliloweka majani, akauliza, "Tuseme ni nani?" Kioko akasema hatulijui jina lake. Akamwaga maji yake chini, akasema asiyekuwa na jina hawezi kuambiwa aende. Kiti kiko kwenye banda langu mpaka leo, kimefunikwa gunia. Gari nililiuza likiwa na mlango unaofunguka.

Kwa hiyo wewe unayependa magari, sikiliza. Ukipewa usukani mzuri au kiti kizuri kutoka kwenye gari lililoanguka, usiulize kwanza kama kitaingia. Uliza nani alikuwa amekikalia. Ukiambiwa hapakuwa na mtu, tazama mkanda, kisha uliza tena.

Mimi bado nauliza. Kila kazi iliponipeleka Ikutha nilisimulia sokoni habari ya kijana wa shati jeupe lenye kifungo kimoja cha kijani. Mama mmoja wa kule ng'ambo ya mto alinisikiliza, akaingia ndani ya kibanda chake, akatoka na kopo la vifungo. Mwanawe alikuwa ameondoka kutafuta kazi barabara ya Mombasa, hakurudi. Kifungo alikishona yeye, kwa uzi mweusi, kwa sababu mweupe ulikuwa umeisha. Ndani ya kopo mlikuwa na vingine vya kijani kama kile. Nilikuwa tayari kumwambia Kioko tumepata jina.

Kabla sijaondoka sokoni, mama mwingine, asiyemjua yule wa kwanza, alinishika mkono. Yeye pia alikuwa na mwana asiyerudi, na kopo lenye vifungo vya kijani.