Mnyama wa Maturubai

Asubuhi ile ya mwisho mke wangu aliniita nimtungie uzi kwenye sindano. Macho yake yalikuwa yamechoka, yangu yana nafuu. Nikatunga. Akasema chai yangu ni maji ya kuoshea vikombe, akainywa yote, akaomba nyingine. Kisha akavuta turubai la watu, akaketi kwenye cherehani. Ilikuwa asubuhi kama nyingine. Mchana nilipomwita aje ale, alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye turubai, ametulia, mkono bado uko kwenye gurudumu.

Msibani walimsifu. Wenye malori walisema maturubai yake hayavuji. Ni kweli. Lakini alishona kitu kingine pia, na filamu iliyokionyesha ilitazamwa mara chache ikapotea. Mimi nilikiona kwa macho. Acha niseme.

Miaka ya nyuma alikuja kijana mmoja wa filamu. Tulimwita Direkta kwa sababu mwenyewe alijiita hivyo. Alitaka mnyama wa baharini, mkubwa kuliko lori, atoke majini ale watu. Mfuko wake ulikuwa mwembamba.

"Mama, unaweza kushona joka?"

"Lina miguu?"

"Sijaamua."

"Basi amua, nikate."

Alilishona uani kwetu, kwa maturubai yaliyochakaa. Magamba aliyakata moja moja, akayapanga kipande juu ya kipande kama vigae vya paa, akayashona upande wa juu tu. Nikamuuliza mbona chini anayaacha wazi. "Yaache yapumue," akasema. Sikuelewa. Macho yalikuwa taa za lori zilizokufa. Meno ya madumu ya njano niliyakata mimi. Siku zile nilikula nimesimama, kwa sababu mkia ulikuwa umelala kwenye viti.

Alipolitoa nje, majirani wakaja kutazama. Wakacheka.

"Fundi, hili ni joka au godoro?" mwenye duka akauliza. "Lipe nyasi, lina njaa."

Direkta naye alicheka, kisha akashika kichwa. "Mama, watu wakicheka hivi nimekwisha. Filamu nzima ni huyu mnyama."

Mke wangu akaendelea kukaza mshono wa shingo. Maisha yake yote alishona vitu vya kufunika mizigo ya watu, na hakuna mtu anayesimama kutazama turubai. Hiki alitaka watu wakitazame. Wakitazame na waogope.

Tukampeleka mnyama gatini. Direkta alikuwa ameagiza ajazwe sponji. Sponji ikanywa maji, mnyama akazama kichwa kwanza, mkia ukabaki juu kama bata anayetafuta chakula. Watu wakashika mbavu. Direkta akaketi juu ya ndoo.

Mke wangu akaamuru avutwe ufukweni. Akafumua tumbo, akatoa sponji yote, akaingiza tyubu za matairi, akashona tena. Mpiga picha alikuwa anatazama saa, maana kamera yake ilikuwa na harusi mchana. Mtu wa kukaa ndani na kufungua mdomo alikuwa mnyanyua vyuma, kifua kama kabati. Aliingia, akatoka amekuwa wa kijivu.

"Humo ndani giza, bwana. Mimi sirudi."

"Sasa nani?" Direkta akauliza.

Mke wangu akakaza kitambaa chake cha kichwa. "Mimi ndiye ninayejua mlango ulipo."

Sasa mjue kwamba alikuwa hajui kuogelea. Hata beseni lililojaa alilitazama kwa shaka. Nikamwambia, "Mama Watoto, acha."

Akanipa ncha ya kamba aliyojifunga kiunoni. "Shika hii. Nikiivuta, nitoe. Nisipoivuta, usiniguse."

"Na ukisahau kuivuta?"

"Nitakuwa nimekufa, Baba Watoto, sitakulaumu."

Akaingia. Wanaume wakavuta kamba zilizopitishwa chini kwenye nguzo za gati, mnyama akazama mzima, akapotea. Maji yakatulia. Direkta akasema, "Achieni."

Kwanza maji yalivimba. Kisha kikatoka kichwa, shingo ikafuata, ikaendelea kutoka, nikadhani haitaisha. Maji yakateremka mgongoni, na kila gamba likainuka na kulala, likainuka na kulala. Lilikuwa linapumua. Zile taa za lori zikashika jua, zikatutazama. Mdomo ukafunguka polepole, kama wa kitu kisicho na haraka na mtu yeyote.

Gati zima likarudi nyuma hatua moja. Msichana wa filamu, aliyetakiwa kupiga kelele, alisahau. Mwigizaji wa shujaa akatupa mkuki, akakimbia, akaipita kamera, akaendelea na safari. Mwenye duka alikuwa ameng'ang'ania mkono wa mtu asiyemjua. Direkta alisahau kusema "kata", kamera ikaendelea.

Mimi nilijua nani yumo. Asubuhi hiyohiyo alikuwa amenisema kwa kuacha kijiko chenye maji kwenye sukari. Na bado nywele zilinisimama. Nikasema moyoni, huyu simjui. Miaka yote nimelala karibu na kitu kikubwa hivi, nami nadhani ni mtu wa kushona maturubai.

Kamba haikuvutwa. Nilingoja nayo mkononi mpaka Direkta mwenyewe alipoashiria tumtoe.

Alitoka amelowa hadi masikioni. Mpiga picha alikuwa ameshakimbilia harusi yake, Direkta analia pembeni. Hakuna aliyemwambia mke wangu kama kazi imekuwa nzuri; watu walikuwa bado wanamtazama mnyama. Nikamfunika shuka, nikamuuliza kama aliogopa. Akasema:

"Niliogopa mpaka nilipochungulia mdomoni nikakuona umeshika kamba unatetemeka, ilhali meno haya umeyakata wewe mwenyewe. Hapo nikajua mnyama ametoka sawa."