Kifua cha Maksai Wetu

Maksai wetu hakuwa na adabu hata kidogo. Mwanamume yeyote aliyemsogelea alipigwa teke. Mama peke yake ndiye aliyeweza kumshika popote. Tulimpenda hivyo hivyo, maana ndiye aliyelima shamba letu lote pale mlimani, juu ya mji wa Mosocho. Basi miaka ile ya sitini alipoanza kukonda na kuvimba chini ya taya, baba, mzee wa kanisa mkimya, aliacha hata kula.

Bwana mifugo, mgeni kutoka pwani, akasema ni minyoo ya ini. Dawa alikuwa nayo, ila ilikuwa kali: ikipungua haisaidii, ikizidi inaua. Mizani ya ng'ombe haikuwepo, kwa hiyo uzito ungekadiriwa kwa kuzungusha tepu kifuani, nyuma ya miguu ya mbele. Bwana mifugo alisogea kidogo tu, akajikuta ameketi kwenye kinyesi. Nilicheka mpaka nikashika mti.

Mama alikuwa fundi wa cherehani, na tepu yake haikutoka shingoni.

"Wacha nipime mimi," akasema. "Hii ng'ombe ni mteja kama wengine."

Akamzungushia, akataja inchi kwa sauti yake ya dukani. Bwana mifugo akapiga hesabu, akamimina dawa chupani, akampa mama amnyweshe.

Hapo nikatupia jicho gauni langu. Nilikuwa msichana mwembamba, nikielea ndani yake, kwani mama hakuwahi kushona nguo ya Sabato inayombana mtu. Kila kifua alikiongezea inchi kadhaa, kwa heshima.

"Mama! Umeongeza inchi za kupumua?"

Chupa ilikuwa imeshafika mdomoni mwa maksai. "Si lazima?" akajibu, ameudhika. "Nani amewahi kuja kwangu nikambana?"

Bwana mifugo alimpokonya chupa, kisha akaangua kicheko, nasi tukamfuata. Mama alipima upya, tepu imekaza, huku akimwomba ng'ombe radhi kwa lugha yetu ya Ekegusii. Dawa ikapunguzwa, akanywa yote.

Wiki zikapita. Jumamosi moja, katikati ya sala kanisani, tukasikia vishindo nje. Maksai alikuwa amevunja boma, anateremka mlima mkia juu. Baba, ambaye hakuwahi kukatiza ibada, aliruka akasimama.

"Anakimbia! Jamani, tazameni anavyokimbia!"

Akalia pale pale, mbele ya watu, nami nikalia naye huku nikicheka. Hakuna aliyetutuliza, kwani kanisa zima lilikuwa limeshajazana madirishani.