Opera ya Kitaliano na Mguu wa Jaji

Jumamosi iliyopita, kwenye mashindano ya kwaya hapa Tunduma, nilibaki mdomo wazi. Mwimbaji mmoja wa mjini aliimba kipande cha opera kwa Kitaliano, alichojifunza kwenye kaseti. Hakuna aliyeambulia hata neno, lakini ukumbi mzima ulisimama kumpigia makofi.

Wakafuata kina mama wa Igamba na wimbo wa Kinyiha wa kuvuna ulezi. Hawajamaliza hata ubeti wa kwanza, jaji mkuu, Mnyiha wa Mbozi kama wao, akagonga kengele.

"Lugha za makabila haziruhusiwi. Hapa tunajenga taifa!"

Mama aliyeongoza wimbo akauliza taratibu, "Samahani mwanangu, yule mwenzetu ameimba kabila gani?"

"Ile ni opera, mama. Ni ya kimataifa."

Nusura nidondoke kwenye benchi. Yaani Kitaliano kinaijenga Tanzania, Kinyiha kinaibomoa!

Mama akakaza khanga yake kiunoni, akainama kidogo kuchungulia chini ya meza ya jaji.

"Sawa, mwanangu," akasema. "Lakini alipoimba yule, mguu wako ulikuwa umelala. Tulipoanza sisi, ukacheza."