Alipopotewa na Harufu

Tulioana mwaka mmoja kabla ya uhuru, tukapanga vyumba viwili vya juu katika nyumba ya mawe ya Mji wa Kale. Kichochoro chetu kilikuwa chembamba hata jirani wa ng'ambo aliweza kunipa chumvi dirisha kwa dirisha. Chini alikaa mwenye nyumba, bibi mjane aliyeniita mwanangu tangu siku ya kwanza, na aliyejua mambo yetu yote kwa kusikiliza nyayo tu. Juu ya vyumba vyetu palikuwa na sakafu wazi, imezungukwa na ukuta wa kufika kiunoni. Bibi alituruhusu kuanika nguo huko. Mume wangu akaichukua ruhusa hiyo akaigeuza bustani.

Alikuwa karani bandarini, kazi ya kusimama juani siku nzima na karatasi mkononi. Akirudi alivua viatu, akajifunga kikoi, akapanda juu kabla hata ya kunywa maji. Alipanda asumini kwenye madebe ya samli, mawaridi kwenye makarai yaliyotoboka, mrehani kwenye kila kopo lililobaki. Wanaume wenzake walimtania barazani. Kwao maua yalikuwa mambo ya wanawake, ya vikuba vya kifuani na harusi. Yeye alicheka nao, na jioni alishuka na ngumi moja ya asumini akaimwaga juu ya mto wangu.

Mmea aliouhangaikia zaidi ya yote ni mkilua, mti wa ua la kunukia liitwalo kilua. Aliletewa na mwenzake wa kazini, mtu wa Rabai, mche mdogo uliofungwa kwa gunia bichi.

"Huu hautaki haraka, wala hautaki kuhamishwahamishwa," yule mwenzake alimwambia. "Na pengine utakufa tu, usije ukanilaumu."

Haukufa. Akaupa nusu ya pipa, akaufanyia kivuli kwa mkeka mkuukuu, akaunywesha maji niliyooshea mchele. Mwaka wa kwanza majani, mwaka wa pili majani.

Mimi sikuwa mpishi wa kufunzwa. Mamangu alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na shangazi ambaye hakupenda mtu kuingia jikoni mwake. Niliingia nyumbani kwa mume najua kuchemsha chai na kukuna nazi, basi. Kwa hivyo nilipika kwa kubahatisha. Nikikosa nyanya, natia ukwaju. Siku za bahari chafu, samaki hakuna, nilikata papai bichi vipande vinene nikavikaanga na bizari kama nguru. Wali uliolala niliuponda na tui na iliki, nikauoka kwa makaa juu na chini, tukaunywea chai. Mara nyingine kilikuwa chakula cha kutupa, na tulikitupa.

Mume wangu alinipa moyo kwa namna yake. Akifika kwenye ngazi husimama, huvuta pumzi, kisha hupaza sauti: "Leo mna bizari. Mna kitunguu kimeungua kidogo. Na mna kitu sikijui!"

Hicho asichokijua ndicho kilichonifurahisha. Ningeweza kuchoma ganda la chungwa kwenye makaa ili tu nimpoteze.

Mwaka wa tatu, mvua za vuli zikinyesha, alishikwa na homa na mafua makali. Alilala siku kumi. Nilimpa uji wa pilipili manga, bibi wa chini akamsomea, na siku ya kumi na moja akaamka akaenda kazini amekonda. Nikashukuru Mungu, nikaona yamekwisha.

Sikutambua upesi kwamba ameacha kusimama kwenye ngazi. Alipanda moja kwa moja, akala, akasema, "Tamu. Ahsante." Kila siku tamu. Mchuzi niliouchoma, tamu. Nilidhani ni uchovu wa kazi, halafu nikadhani nimekuwa mpishi.

Ukaingia mwezi wa Ramadhani. Siku moja baada ya alasiri nilikuwa natia mafuta ya taa kwenye stovu, chupa ikaniponyoka, yakanimwagikia mkononi na kwenye leso. Nikanawa upesi nikaendelea. Karibu na hapo palikuwa na tambi zangu, zimeshapikwa kwa tui na sukari, zangoja kupoa, na sikujua kuwa yamezirukia. Kuonja siwezi, nimefunga. Na kunusa, mimi mwenyewe nilikuwa nanuka mwili mzima, sikuweza kujua linalonuka ni mimi au ni chakula.

Jua lilipotua mume wangu alifungua kwa tende, akaswali, akaketi mkekani. Mimi nikamteremshia bibi sahani yake, kama desturi ya mwezi huo. Bibi akatia tonge moja mdomoni.

"Mwanangu," akasema, "hizi ni tambi za kula au tambi za taa?"

Nilipanda zile ngazi mbio. Nilimkuta mume wangu amemaliza sahani na yuwajiongeza.

"Umezila?"

"Nimezila. Leo sukari umeipatia hasa."

Nikatwaa kidogo kwa vidole, nikaonja, nikatema dirishani. Sijui kwa nini nilikasirika vile. Nilisimama mbele yake na ile leso inayonuka nikamwambia, "Kwa hivyo siku zote wanisifu bure? Nikikupa sumu pia utasema tamu? Miezi miwili wanidanganya kama mtoto!"

Aliweka mkono chini, hakunitazama.

"Sisikii," akasema.

"Husikii nini?"

"Harufu. Sisikii harufu ya kitu chochote. Tangu ile homa."

Nikaketi. Nje watoto walikuwa wakipita na vyano vya futari, nyumba hii kwa nyumba ile, wakiitana. Nikamuuliza jambo la kijinga, kwa kuwa ndilo lililonijia kwanza: "Na asumini? Si wanichumia kila jioni?"

"Naichuma kwa macho."

Akanieleza polepole. Alidhani itarudi wiki moja, kisha wiki nyingine. Chumvi aliijua, sukari aliijua, ndimu na pilipili alizijua, lakini nyama na samaki na mkate vilikuwa kitu kimoja mdomoni. Hakuniambia kwa sababu aliona nafurahi kupika, akahofu nitaacha kuhangaika. Tena aliona haya. Mtu mzima, na maua juu ya nyumba, hana pua. Usiku ule alikunywa maziwa mengi ambayo bibi aliyaleta mwenyewe, huku akisema tumbo lililokula mafuta haliachwi tupu, na hakupatwa na dhara lolote ila kucheuka.

Tulikwenda hospitali. Daktari alimmulika puani kwa tochi, akasema huenda kunusa kutarudi, na huenda kusirudi, tungoje. Bibi hakuridhika na kungoja. Alimfukiza nyungu ya majani, akampa habasoda ya kusaga na asali. Mume wangu alitoka chini ya blanketi amelowa jasho, macho mekundu, akasema kwa adabu kwamba anahisi nafuu. Nilijua kuwa anasema uongo, lakini sasa nilijua ni uongo wa namna gani.

Nikaanza kupika upya. Kama ulimi wake umebakiwa na vitu vinne au vitano, basi nitapika kwa hivyo. Nilitia ndimu mahali ambapo watu hawatii. Nilikaanga dagaa mpaka wakalia mdomoni. Niliweka embe mbichi ndani ya maharagwe, nikatia karanga nzima kwenye mchuzi ili apate cha kutafuna. Nilimkataza kusema tamu.

"Hii ni kama kula gazeti," alisema siku moja juu ya boga langu. Nikafurahi kuliko siku alizonisifu.

Siku nyingine alitafuna viazi vya ukwaju na pilipili, machozi yakamtoka, akanyoosha sahani. "Tena."

Kilichonishinda ni maua. Alikuwa akichuma waridi, ananiletea puani, ananiuliza: "Lanukiaje?"

"Lanukia vizuri."

"Vizuri vipi?"

Nilikuwa nimeishi na harufu hizi tangu utotoni, nimezivaa kifuani na kwenye nywele, na sikuwa na maneno ya kumwambia mtu. Nilijaribu. Waridi la asubuhi, nilimwambia, ni kama maji baridi yaliyotiwa sukari kidogo. Waridi la jioni limekuwa kama chai. Mrehani ni mkali, waamsha mtu. Alisikiliza ameinamisha kichwa, na mara nyingine alinisahihisha: "Hapana, mrehani hauna ukali, una ubichi. Umesahau wewe." Kumbe bado alikuwa nazo zote kichwani.

Masika yalipokwisha, asubuhi moja nilipanda kuanika nguo, harufu ikanisimamisha mlangoni. Ilikuwa nzito, tamu, kama ndizi iliyoiva kupita kiasi imefungwa ndani ya hariri. Kilua ni ua la kujificha. Ni la kijani kama majani yenyewe, na watu hulitafuta kwa pua. Niliinama kwenye lile pipa nikafunua majani moja moja. Kilikuwa kimoja tu, kimeinamia chini, kimeanza kugeuka rangi ya manjano. Tangu lini kimo humo sijui. Mume wangu alikuwa ameumwagilia mti ule alfajiri ileile, uso wake pengine shubiri moja kutoka kwenye ua, na akashuka akaenda kazini.

Nilishinda siku nzima na neno lile moyoni. Nilifikiri kukichuma nikakitupe, asijue, angoje mwaka mwingine ambao huenda pua itakuwa imerudi. Nilikwenda mpaka mbele ya pipa mara mbili. Lakini nilikumbuka ile miezi miwili ya tamu, tamu, nikaona sitaki tena nyumba ya watu wawili wanaofichana kwa huruma.

Aliporudi nilimwambia mlangoni, kabla hajavua viatu. "Mkilua umetoa."

Alipanda na viatu vyake. Nilimwonyesha. Akapiga magoti kwenye ile sakafu yenye maji, akakitazama muda mrefu, akakigusa kwa ncha ya kidole kama mtu agusaye shavu la mtoto aliyelala. Akasogeza pua. Akavuta pumzi mara moja, mara mbili, mara tatu, na mara ya tatu nikageuza uso.

"Niambie," akasema.

Nikamwambia habari ya ndizi na hariri. Akatikisa kichwa, akataka zaidi. Nikamwambia kuwa harufu yake ilinifikia mlangoni, hatua saba, na nguo zilizoanikwa zote zimeipata. Nikamwambia ina kitu ndani yake kama mtu aliyetaka kusema jambo akaona haya. Hapo alicheka, akajifuta uso kwa mkono, akasema, "Basi ni chenyewe." Kesho yake alikifunga kwa jani la mgomba akampelekea mwenzake wa Rabai, na yule bwana alikiweka mfukoni mwa shati, akashinda nacho ghalani.

Mwaka uliofuata nilishika mimba, ya kwanza baada ya kungoja miaka. Na mimba ile ilinigeuzia dunia. Kitunguu kikipata moto mimi hutapika. Samaki sitaki kumwona. Hata asumini ilinichafua roho, nikalala na leso puani. Mume wangu hakuuliza mara mbili. Aliyateremsha madebe ya asumini kwa bibi, moja moja, kisha akaingia jikoni.

Zama zile mume kuingia jikoni na mke yupo lilikuwa jambo la kuzungumzwa. Bibi alimsikia akitwanga thomu, akaita kutoka chini: "Nani huyo atwangaye kama apigilia msumari?"

"Ni mimi, bibi!"

Tukamsikia akicheka peke yake.

Harufu iliyoniangusha mimi, yeye haikumgusa. Alikaanga, akachoma, akapara samaki akiimba, nami nimeketi juu kwenye hewa safi, mgongo ukutani. Ila hakujua kitu kinapoungua. Kwa hivyo tulielewana. Kila mara aliita, "Vipi huko?" nami nilijibu kutoka juu, leso puani, "Geuza sasa!" au "Toa, toa!" Mara nyingi nilichelewa. Wali wake uligandamana, mchuzi ulikuwa na ndimu ya kukunja uso, na maharagwe alipenda kuyatia kitu chekundu na kitu cha kijani ili yapendeze, akitumia chochote alichokikuta. Nilikula nilivyoweza. Siku moja nilimwambia chakula chake ni kama gazeti lililoloa, akakubali.

Binti yetu alizaliwa salama. Pua ya babake ilirudi kidogo kidogo, na kwa fujo. Kwanza kahawa, ambayo ilimnukia kama mpira unaoungua, akaiacha kwa mwaka mzima. Kisha sabuni. Kisha jasho la mtoto shingoni, na hilo alikuja kuniambia mbio kana kwamba kuna moto. Asumini aliisikia kwa mbali. Kilua hakukisikia tena, na baada ya muda aliacha kujaribu, akawa ananiita tu akiona mkilua umetoa.

Mimi nilirudi jikoni kwangu, lakini si moja kwa moja. Mtoto alipoanza kula alisukuma wali wangu. Alitaka wa babake, uliogandamana, na mchuzi wake wa ndimu. Nikamwachia babake mwenyewe ampikie, nikachukua ndoo nikapanda juu kumwagilia maua.