Mbabula chini ya meza

Jumanne nilikuwa ku bureau moja hapa Butembo, nyuma ya dada mumoja mwenye kutafuta karatasi ya kwenda kusoma. Mama wa guichet, mwenye kupokea karatasi, akamuuliza anaenda kusomea kazi gani.

"Kuchunguza michoro ya vitu vipya, mama. Mutu akileta umbo la kitu, ninatafuta kama hakuna mwenye alimutangulia. Kama ni lake kweli, anapewa hati."

Mama akaweka bic chini. "Kuangalia michoro, ile nayo ni kazi? Nitaandika droit, masomo ya sheria, kama wengine."

Dada akanyoosha kidole chini ya meza, kwenye chai ya mama ilikuwa inachemka juu ya mbabula ya makaa. "Ile miguu ya kupinda na tiroir ya kuvuta ya kutolea majivu, baba yangu njo alivifikiria, kule Kalunguta. Commerçant mumoja akabeba mbabula moja mpaka Chine, akarudi na konteneri nzima. Leo watu banamuambia baba eti anaiga vya Bachina."

Mama aliandika droit, akapiga muhuri.

Nilikasirika mpaka nikasahau chenye kilinileta. Huku kwetu, mutu akisogeza muti wa mupaka wa shamba hatua moja, famili mbili zinaacha kusalimiana. Lakini akibeba akili ya mutu mpaka Chine, tunamuita patron, tunamuachia kiti cha mbele kanisani.

Nyumbani niko na mbabula kama ile, ya konteneri. Fundi mumoja wa Kalunguta alikuwa ameniletea yake mpaka mulangoni. Nilimurudisha, nikamuambia ninataka ile ya kweli.