Rangi ya Chumba kwa Chumba

Kuvunja bei ya mkataba ni kazi ya mezani. Unachukua bei moja ya jengo, unaigawa vipande, na kila kipande unakipa kazi yake: kuchimba, msingi, nguzo, lipu, rangi. Mwisho wa mwezi mpimaji anapita jengoni na kuandika kilichokamilika. Kilichokamilika ndicho kinacholipwa. Nilijifunza haya mwenyewe kwa kusoma makaratasi ya miradi iliyokwisha, baada ya miaka ya kulinda mlango wa mnara mmoja West Bay, kule Ghuba. Wakati ninaousimulia, kabla treni ya metro haijaanza, nilikuwa karani wa vipimo kwa mkandarasi aliyekuwa akijenga fleti Abu Hamour.

Rangi alipewa fundi wa Tanga kama mkandarasi mdogo, mtu wa makamo kama mimi, mwenye vijana wanane aliowaita kutoka nyumbani. Mmoja wao alikuwa kaka wa mkewe. Bei yake ilivunjwa kwa ghorofa, na kila ghorofa kwa hatua: puti ya kusawazisha ukuta, praima ya kutangulia rangi, mkono wa kwanza wa rangi, mkono wa pili, kukabidhi. Chini kulikuwa na sentensi moja: hatua hailipwi mpaka ikamilike ghorofa nzima. Nilimsomea kwa Kiswahili. Akasema, "Sawa, sawa, rangi ni rangi," akatia sahihi.

Kwetu mtu huhamia nyumba ikiwa haijaisha. Fundi anamaliza chumba kimoja, mwenye nyumba anaingiza kitanda na kulipa chumba hicho, kisha wanaendelea na kingine. Fundi huyu alikuwa amepaka hivyo tangu ujana. Wiki ya pili nilipopanda ghorofa ya kwanza nilikuta vyumba vya kulala vimekwisha mpaka mkono wa pili, vinang'aa, na korido na majiko yote bado saruji tupu. Ghorofa ya pili ilikuwa hivyo hivyo.

"Kaka," nikamwambia, "malizia puti ghorofa nzima kwanza. Ukienda hivi hutapimiwa kitu."

Hakusimamisha rola. "Mwalimu, juzi tu ulikuwa unafungulia watu mlango West Bay. Leo unanifundisha rangi?"

Vijana wakacheka.

"Sikufundishi rangi. Nakukumbusha mkataba."

"Mhandisi ana macho. Akiingia humu ataona nini?"

"Ataona chumba kizuri."

"Basi."

Shemeji yake akadakia kutoka juu ya ngazi: "Mwache mwalimu, shemeji. Akikaa sana tutampiga praima."

Nilimweleza mhandisi wa mkandarasi wetu, ambaye ndiye aliyepima kazi za mafundi. Alikuwa mtu mtulivu, wa miaka mingi Ghuba, asiyepandisha sauti.

"Ulimsomea mkataba?" akauliza.

"Nilimsomea."

"Basi wewe umemaliza kazi yako. Mwache apake."

Kisha akaniagiza niandae dai letu la mwezi kwa mwenye jengo. Katika mkataba ule wa juu, kati yetu na mwenye jengo, rangi ilikuwa imevunjwa kwa vyumba. Vyumba vyote alivyomaliza fundi wa Tanga viliingia kwenye dai letu, kila kimoja kwa bei yake kamili.

Vijana wale walikuwa hawajalipwa tangu waingie kazini. Walikula kwa mkopo kwenye bakala, duka la vyakula la jirani, na fundi alikuwa amewaahidi mshahara wa kwanza baada ya vipimo. Mwenye bakala naye alipewa ahadi hiyo hiyo. Siku ya vipimo fundi alivaa shati safi.

Mhandisi aliingia kila chumba. Alipitisha kiganja ukutani, akainama kutazama kona, akasifu kwa Kiarabu chake, "Zein. Zein sana." Fundi alikuwa nyuma yake akitabasamu. Walipotokea koridoni mhandisi alisimama, akaniambia niandike: puti, haijakamilika. Praima, haijakamilika. Mkono wa kwanza, wa pili, haujakamilika. Ghorofa ya pili, vivyo hivyo.

"Mafi kamil, mafi fulus," akamwambia fundi.

Fundi alinigeukia mimi. "Anasemaje?"

"Haijakamilika, hakuna hela."

"Na vyumba hivi?"

"Kwenye mkataba wako hakuna vyumba."

Akamwomba mhandisi walau hela ya chakula cha vijana, maneno ya Kiarabu na Kiingereza yakigongana mdomoni. Mhandisi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusifia kazi yako mbele ya watu wako," akasema. "Mbona hufurahi?"

Kesho yake bakala ilikataa kuwakopesha. Siku ya pili yake mhandisi aliwatumia vijana habari kwamba amekwisha zungumza na kafili wao, mdhamini wa vibali vyao: anayetaka kibarua cha siku, pamoja na chakula cha kambi, aje ofisini, atafanya kazi chini ya mkandarasi moja kwa moja. Niliandika majina. Walikuja mmoja mmoja bila kunitazama. Shemeji alikuja wa mwisho, na mhandisi akamfanya msimamizi, kwa kuwa alijua kidogo Kiingereza.

"Shemeji yako umemwambia?" nikamuuliza.

"Atajua. Mimi nina watoto, mwalimu."

Mkataba wa fundi ulivunjwa kwa sababu ya kuchelewesha kazi. Hilo lilikuwa kweli: kwa hesabu ya mkataba hakuwa amefanya lolote. Hakuwa na pa kwenda, kwani kafili wake alikuwa yule yule wa vijana, na ndiye aliyeshika pasipoti yake. Baada ya siku chache alikuja ofisini kuandikisha kibarua. Nikaandika jina lake chini ya majina ya vijana wake.

Shemeji alimpeleka koridoni, akamwonyesha ndoo.

"Anza hapa, shemeji. Halafu majiko."

"Vijana wako wapi?"

"Nimewapeleka ghorofa ya tatu. Wakikuona wanaona haya, kazi haiendi."

Fundi aliokota bamba la kupakia puti, akalifuta kwa kidole, akaanza pembeni mwa mlango. Alifanya vizuri, kama alivyozoea. Mwisho wa mwezi uliofuata mhandisi alipita koridoni na kwenye majiko, akaniambia niandike kwamba puti ya ghorofa ya kwanza imekamilika. Nikaandika. Safu ya malipo nikaiacha wazi, maana hapakuwa tena na mkandarasi mdogo wa rangi wa kulipwa.